Upatikanaji wa haki: maana yake kwa mwenye mgogoro wa shamba Kigoma

Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini mwananchi hakuweza kwenda mahakamani kuzidai mpaka 1988. Kwa miaka hiyo haki zilikuwepo, upatikanaji wake haukuwepo. Dhana ya upatikanaji wa haki ina maana ya mtu wa kawaida kufikisha lalamiko lake kwenye chombo chenye mamlaka, akasikilizwa, akapewa uamuzi, na uamuzi ukatekelezwa.

Chukua mgogoro wa mpaka Kasulu au Uvinza. Wengi hukimbilia polisi, wanaambiwa "hili ni la madai," yaani si kosa la jinai, wanaishia hapo. Pa kuanzia ni baraza la kata. Tangu 2021 baraza hilo haliamui tena shamba ni la nani, linapatanisha tu. Likishindwa, linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kwenda hata bila hati. Wasiojua hili huzungushwa msimu mzima wa kilimo, na huo ni uonevu.

Wilayani, maombi mengi hufia kwenye maelezo ya shamba. "Shamba langu lililopo kijijini" haitoshi. Andika kitongoji, kijiji, ekari ngapi, nani anapakana nawe kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na alama zisizohama kama mto au barabara. Bila hayo hata ukishinda, dalali wa baraza, anayetekeleza hukumu, hatajua akukabidhi kipande kipi.

Unayemlalamikia akiwa ni halmashauri ya kijiji, mambo hubadilika: notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kama mdaiwa, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Ukiruka hatua hiyo, shauri linaondolewa kabla ushahidi haujasikilizwa.

Kukata rufaa kutoka baraza la wilaya ni ndani ya siku 45. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku ileile inaposomwa, ubaki na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi. Na ukishinda, peleka maombi ya kukazia hukumu, yaani hukumu itekelezwe.

Kwa asiye na fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Wanaelekeza na kupatanisha bure, ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Waulizie kwa afisa maendeleo ya jamii.