Picha ya familia sio "kumbukumbu" kila saa: dhana potofu kuhusu taashira kwenye riwaya za vita za vijana

Juzi nimesahihisha insha nyingine, ya ngapi sijui, imeandikwa "picha ya familia inaashiria kumbukumbu, rafiki aliyekufa anaashiria utoto uliopotea", nukta, mtu kamaliza. Miaka yote niliyofundisha fasihi hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, eti taashira (kitu kwenye hadithi kinachobeba maana zaidi ya chenyewe) ni kama kamusi, unafungua unakopi maana unaondoka.

Hapana jamani. Chukueni Number the Stars ya Lois Lowry, ya 1989 (najua ni ya wadogo wadogo, ila ndo inaonyesha vizuri). Copenhagen, Denmark, 1943, askari wa Kijerumani wanaingia usiku kutafuta Wayahudi, na Ellen, mtoto wa Kiyahudi, kalala kwa rafiki yake Annemarie, familia inasema huyu ni Lise, yaani dada mkubwa wa Annemarie ambaye kashafariki. Askari hawadanganyiki kirahisi, mbona huyu nywele nyeusi na wenzake za dhahabu? Baba anachomoa kwenye albamu picha ya Lise akiwa mchanga, enzi hizo nywele zake zilikuwa bado nyeusi, na jina limeandikwa. Sasa hapo kuna kumbukumbu gani? Hicho ni kitambulisho feki! Wazazi wanamtoa mtoto wao waliyemzika ili mtoto wa jirani apate jina la kujifichia, na askari anaichana ile picha anaikanyaga, na muda wote huo mkufu wa Ellen wenye nyota ya Daudi uko kwenye ngumi ya Annemarie, kaubana mpaka nyota ikajichora kiganjani. Ukiniandikia "kumbukumbu" hapo hujasoma, umekariri.

Mi nawaambiaga kila siku, acheni kuuliza "hiki kinaashiria nini", ulizeni kiko kwa nani sasa hivi na kimemfikiaje. Kodiani ya Hans, yule baba Mjerumani anayemlea binti Liesel kwenye The Book Thief ya Markus Zusak (2005), mwanzoni ni deni: ilikuwa ya Erik, rafiki yake Myahudi aliyekufa Vita vya Kwanza baada ya kumtaja Hans abaki nyuma kuandika barua siku wenzao walipoenda kufa wote. Miaka baadae mtoto wa Erik anatokea nyumbani kwa Hans anauliza kama bado anapiga kodiani, na deni linageuka mtu mzima wa kufichwa chini ya nyumba. Alafu Hans anapelekwa jeshini, na usiku mkewe Rosa, yule mama wa matusi, anakaa kitandani kaifunga kifuani wala hapigi. Kodiani ni ile ile, ila usiku huo ni mume ambaye hayupo, na wewe unataka neno moja?

Hiyo ya utoto kupotea rafiki akifa nayo sijui mnaitoaga wapi. Liesel anamzika mdogo wake mwanzoni kabisa, hata rafiki yake Rudy hajamjua, kwahiyo Rudy anapokufa kwa bomu (samahani ambao hamjafika) utoto gani ulibaki? Kinachouma pale ni busu alilokuwa anaombwa kila siku akakataa, anakuja kumpa maiti.

Na ile nyingine, eti familia ni usalama na hatari iko nje? Mtoto wa kumzaa wa Hans anamwita baba yake mwoga kwasababu ya chama cha Nazi anaondoka zake. Siasa ilishakaa mezani kabla ya bomu.

Kuna wanaonijibu "Mwandishi hakukusudia hivyo." Sijali. Kitu kikirudi mara tatu na kila mara kimebadilisha mikono, nakihesabu.

Na kuna wale wa upande wa pili, kila kitu kwao taashira, mpaka kamba za viatu. Kifute kwenye hadithi uone, kama hakuna mhusika anayekikosa basi buti ni buti, songa mbele.