Mavazi ya mikoa ya Tanzania: dhana potofu na ukweli

Kwenye kalenda na maonyesho ya shule, Tanzania hugawiwa sare: mtu wa pwani kanzu, Mmasai shuka jekundu, mama wa bara kitenge. Mavazi yetu hutofautiana kweli kutoka mkoa hadi mkoa, ila si kwa mipaka hiyo. Kinachoniudhi zaidi ni pale nguo inapotumika kumwambia mtu kwamba yeye si wa hapa.

Dhana: Kanzu ni vazi la Mwislamu wa pwani

Nenda Kagera siku ya kupeleka mahari. Wanaume wa Kihaya, wengi wao Wakatoliki na Walutheri, huvaa kanzu nyeupe na koti la suti juu yake. Hakuna aliyebadili dini. Kanzu ilipanda bara karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika hadi kwa Kabaka, mfalme wa Buganda (Uganda ya leo), ikaenea kwa majirani wa Ziwa Viktoria, ambako vazi la heshima lilikuwa nguo ya magome ya mti. Ikabaki kuwa vazi la mtu mzima anayekwenda mbele za wakwe. Tofauti ya kimkoa ipo, lakini iko kwenye kinachoandamana nayo: Zanzibar ni kofia ya viua, Bukoba ni koti.

Dhana: Mwenye shuka na fimbo ni Mmasai, na amevaa hivyo tangu enzi

Huenda ni Mbarbaig wa Hanang. Huenda ni Mgogo wa Dodoma, au Mwarusha ambaye kwao ni kilimo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wenyewe hutambuana kwa shanga, mapambo na namna ya kujifunga. Sisi tunaopita ndio tunaowaita wote jina moja.

Na shuka lenyewe si la kale hivyo. Wamasai walivaa ngozi za ndama na kondoo, na nguo za dukani zikachukua nafasi yake polepole katika karne ya 20. Yale ya mirabaraba yanatoka viwandani. Rangi pia si nyekundu peke yake. Bluu na zambarau zimejaa minadani.

Kuna sehemu ya habari hii isiyosimuliwa vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi na lubega, yaani nguo ya kufungwa begani, wavae suruali, wakibanwa hata kwenye usafiri wa umma. Vazi lililohesabiwa aibu ya taifa ndilo leo linalopamba matangazo ya utalii, na waliodhalilishwa wakati ule wengine bado wako hai.

Dhana: Nchi ni ya joto, nguo nyepesi zinatosha

Mwambie hivyo mtu wa Makete, mkoani Njombe, mwezi wa saba. Uwanda wa Kitulo umepita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari na asubuhi nyingine umande huganda. Njombe mama hufunga kitenge juu ya sweta, na makoti mazito ya mitumba hupata wateja huko kuliko Tanga.

Dhana: Kanga ni ya pwani, kitenge ni cha bara

Kanga ilizaliwa pwani karne ya 19, hilo ni kweli. Lakini leo Mwanza na Moshi inabebea watoto na kwenda msibani kama Bagamoyo. Kitenge nacho si cha bara kwa asili: uchapaji wake ulitokana na batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi. Kiwanda cha Urafiki, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa vyote viwili na kuviuza nchi nzima. Kinachotofautiana ni uvaaji. Mwanamke wa pwani huvaa doti nzima, kipande kimoja kiunoni na cha pili kichwani hadi mabegani; bara wengi hufunga kipande kimoja tu kiunoni, juu ya gauni.