Warsha ya maikrokontrola kwa walimu: umeme kwanza, programu baadaye

Walimu wa fizikia na wa TEHAMA wanaohudhuria warsha zangu hutarajia kuandika programu tangu saa ya kwanza, nami huwaomba wazifunge kompyuta zao hadi baada ya chai ya asubuhi. Katika kipindi hicho kila walimu wawili hupewa bodi ya Arduino Uno (bodi yenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), bredibodi (ubao wenye matundu wa kuunganishia saketi bila kuchomelea), rezista kadhaa za kupunguza mkondo, LED nyekundu (taa ndogo inayopitisha umeme upande mmoja tu), waya za kuunganishia na maltimita ya kupimia umeme. Bodi yenyewe tunaiwasha kwa chaja ya simu, maana kwa wakati huo tunaitumia kama chanzo cha volti 5 tu. Nimeshikilia utaratibu huu kwa sababu mwalimu akirudi shuleni atakuwa peke yake mbele ya darasa, na saketi isipofanya kazi yeye ndiye atakayetakiwa kutambua kama hitilafu iko kwenye umeme, kwenye kifaa au kwenye programu.

Kazi ya kwanza ni kuwasha LED kupitia rezista ya omu 220 na kupima volti kati ya ncha za kila kifaa. LED nyekundu hutwaa takriban volti 2, kwa hiyo rezista hupata volti 3 zilizobaki. Ukigawanya 3 kwa 220 unapata mkondo wa karibu miliampea 14. Chipu ya ATmega328P inayoendesha Uno haipaswi kamwe kutoa zaidi ya miliampea 40 katika pini moja (ncha ya kuunganishia), na katika matumizi ya kawaida ni busara kubaki chini ya 20. Mwalimu aliyefundisha kanuni ya Ohm ubaoni kwa miaka mingi huiona hapo ikiwa ndiyo inayoamua rezista ipi aichukue, na najua kutokana na maswali yanayofuata kwamba somo hilo limepata uzito mpya kwake.

Bredibodi nayo inahitaji muda wake. Matundu matano ya kila safu fupi yameunganishwa kwa ndani, lakini mfereji wa katikati unazitenganisha safu za upande mmoja na za upande wa pili, na katika baadhi ya bredibodi ndefu hata mistari ya pembeni ya umeme imekatwa katikati. Asiyelijua hilo atatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Tunatumia Uno kwa sababu nzuri. Mradi wa Arduino ulianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, katika chuo cha usanifu ambacho wanafunzi wake hawakuwa wahandisi wa umeme, na ulijengwa juu ya kazi ya Wiring iliyoanzishwa hapo hapo na Hernando Barragán. Michoro ya bodi iliachwa wazi kwa yeyote kuitumia, ndiyo maana nakala za bei nafuu zinapatikana kwa wingi. Nakala nyingi hutumia chipu ya CH340 kwa mawasiliano ya USB, na baadhi ya kompyuta huhitaji draiva yake (programu ndogo ya kuwasiliana na chipu hiyo) kabla ya kuitambua bodi. Namshauri kila mwalimu aibebe draiva hiyo kwenye flashi pamoja na programu ya Arduino, ambayo ikishasakinishwa haihitaji intaneti kwa kazi hizi za msingi.

Programu ya kwanza, ya kuwasha na kuzima LED, haituchukui muda mrefu. Kitufe ndicho kinachotuchukua muda, na sijutii hata dakika moja. Walimu huunganisha upande mmoja wa kitufe kwenye volti 5 na upande wa pili kwenye pini 2, kisha hushangaa kuona usomaji ukibadilika kati ya 0 na 1 ingawa hakuna aliyebonyeza, na wakati mwingine kwa kusogeza mkono tu karibu na waya. Kitufe kikiwa wazi, pini hiyo haijaunganishwa na kitu chochote, hivyo hupokea kila msukosuko wa umeme ulio karibu nayo. Dawa yake ni kukihamishia kitufe kati ya pini na GND (upande wa volti 0), kisha kuamuru katika programu INPUT_PULLUP, ambayo huiunganisha pini na volti 5 kupitia rezista ya ndani ya kati ya kiloomu 20 na 50. Tangu hapo kitufe kilichobonyezwa husomeka 0, na mwalimu aliyeelewa sababu yake hahitaji kuikariri.

Kihisi cha mwanga huja baadaye. Tunakiunganisha na rezista ya kiloomu 10 ili vigawane volti 5, na bodi huigeuza volti iliyo kati yao kuwa namba kati ya 0 na 1023. Ninasisitiza kila namba ilinganishwe na maltimita: palipo na 512 pawe na takriban volti 2.5.

Kipindi ninachokithamini kuliko vyote ni kile ambacho kila jozi huharibu saketi yake kwa makusudi na kuikabidhi kwa jozi nyingine: LED imegeuzwa, waya wa GND umeondolewa, au namba ya pini imebadilishwa kwenye programu. Wengi hukimbilia kuiandika upya programu. Ninawataka wapime umeme kwanza, kisha wakague kifaa, na programu waifikie mwisho. Mikono yangu haigusi saketi ya mtu.

Shule yenye bodi moja bado inaweza kufundisha, kwa kuwa LED nyekundu, rezista ya omu 100 na betri mbili za volti 1.5 zinatosha kwa vikundi vinavyosubiri zamu. Kila mwalimu huondoka na andalio la somo alilolijaribu mbele ya wenzake, pamoja na kifurushi kidogo cha vipuri. Fyuzi ya maltimita isikosekane humo, kwa sababu mwanafunzi akiweka ncha za kupimia mkondo moja kwa moja kati ya volti 5 na GND huenda akaikata iliyomo, na kwa maltimita nyingi za bei nafuu kipimo cha mkondo hakitarudi hadi fyuzi ibadilishwe.