Picha kali za nyota changa zinatokaje wakati hewa yetu inavuruga mawimbi?

Ile picha ya HL Tauri iliyotoka 2014 wengi mmeiona, maduara ya rangi ya chungwa na mapengo meusi katikati, na mpaka leo kuna watu wanauliza kama ni mchoro wa kompyuta. Sio mchoro. Ni diski ya vumbi na gesi inayozunguka nyota changa sana, umri wake kama miaka milioni 1 tu, iko mbali miaka ya mwanga 450 hivi, na iliyoipiga ni ALMA, kundi la madishi ya mawimbi ya redio yanayojumlishwa yakafanya kazi kama darubini moja, kule jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, madishi yakiwa yametawanywa mpaka kilomita 15. Ila ile data ingeachwa ilivyokuja bila kusahihishwa, hayo maduara usingeyaona.

Mbaya wetu ni mvuke wa maji. Na sizungumzii mawingu, anga inaweza kuwa ya bluu kabisa na bado mvuke unapita juu ya madishi unasukumwa na upepo. Mvuke wote ulio juu ya dishi ukiugeuza maji ukapata kina cha milimita 1, basi wimbi linachelewa kama vile limeongezewa njia ya milimita 6 na nusu hivi. Sasa piga hesabu, wimbi lenyewe lina urefu wa milimita 1.3, kwahiyo dishi moja likimzidi jirani yake sehemu 1 tu ya 10 ya milimita ya maji, wimbi la huku limeshachelewa nusu nzima, ukiyajumlisha yanafutana. Ndo maana hata jangwani hawajapona, na Februari kule ni msimu wa unyevu ambapo uchunguzi huwa unasimamishwa.

Dawa ya kwanza iko kwenye dishi lenyewe: kila dishi la mita 12 lina kipimo kinachosikiliza mng'ao wa maji kwenye gigahezi 183, kila sekunde, halafu kompyuta inapunguza ule ucheleweshaji. Inasaidia sana ila hewa kavu nayo inacheza na hiki kipimo hakiioni. Ya pili, kila baada ya muda mfupi madishi yanageukia kwasa (kiini king'avu cha galaksi ya mbali sana) inayoonekana jirani na nyota yetu angani, tunajua ni nukta tu, kwahiyo ikionekana imetawanyika kosa sio lake.

Ya tatu ndo naipenda zaidi, diski inatumika kujisahihisha yenyewe. Ukiwa na madishi 40 una jozi 780 za vipimo, lakini makosa ya hewa ni 40 tu, moja kwa kila dishi, yaani vipimo ni vingi kuliko visivyojulikana. Na ukichukua madishi matatu ukazijumlisha fezi za jozi zao (yaani wimbi la dishi moja limetangulia au kuchelewa kiasi gani kuliko la jingine) kwa kuzunguka, makosa ya hewa yanakufa yenyewe, kitu ambacho Roger Jennison wa Uingereza alishakionyesha miaka ya 1950.

Hatari ipo lakini. Unaanza na picha ya kubahatisha, unasahihisha, unatengeneza nyingine, na kama ya kwanza ilikuwa na duara la uongo na diski yenyewe ni hafifu, linaweza kubaki humo likaonekana njia ya sayari. Kwahiyo tunaanza kwa kusahihisha data ya vipindi virefu vya muda kwa pamoja ndo tunafupisha, kila hatua tunaangalia kelele, yaani madoa yasiyo na maana, pembeni ya diski, zikigoma kushuka tunaishia hapo hapo, hata kama picha inatamanisha kuendelea.