Pembeni ya nguzo si njia ya bomba

Nimeambiwa tena wiki hii: "Injinia, bomba la choo si tulipitishe hapo pembeni ya nguzo? Ndipo pana nguvu." Fundi bomba akisema hivyo simlaumu, yeye kazi yake maji yatoke. Safari hii aliyesema ni msimamizi wa saiti, michoro mkononi, kwenye jengo la slabu bapa huku Njiro, Arusha. Nimechoka kuirudia mdomoni, naiandika.

Slabu bapa ni sakafu ya zege inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo, haina bimu. Wenye majengo wa Arusha na Moshi wameipenda kwa sababu zinazoeleweka: dari imenyooka, boksi inafungwa haraka, kuta za ndani unaziweka utakapo. Ila zile bimu ulizoziondoa zilikuwa na kazi ya kukusanya mzigo na kuupeleka kwenye nguzo. Sasa mzigo wote unaingia kwenye nguzo kupitia zege kidogo lililoizunguka, na hapo ndipo panapozidiwa. Katikati ya chumba pakizidiwa, slabu inabonyea, nyufa zinatokea chini, vigae vinabanduka, unaona na kukimbia. Penye nguzo hakuna taarifa. Slabu inateremka, nguzo inabaki imesimama na kipande cha zege cha umbo la koni kichwani. Huko ndiko kutoboka.

Tupige hesabu. Nguzo za milimita 300 kwa 300, zimeachana mita 6 kila upande, slabu ya milimita 225, d (kina kutoka uso wa chini wa slabu hadi kwenye nondo za juu) tuseme 190. Vigae na kuta nyepesi kilonewtoni 2.5 kwa mita ya mraba, mzigo wa ofisi 2.5. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege, ambayo wengi wetu bado tunaishi nayo ingawa Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010, mzigo uliokwishaongezewa usalama unafika kilonewtoni 15 hivi kwa mita ya mraba. Mara mita za mraba 36 zinazobebwa na kila nguzo, unapata kilonewtoni 540. Hizo ni kama tani 54 kwenye nguzo moja. Zungusha mstari umbali wa 1.5d kutoka uso wa nguzo, unapata mzingo wa milimita 3,480. Zidisha na ile 1.15 ya momenti, yaani nyongeza kwa sababu mzigo haugawanyiki sawa kuizunguka nguzo: mkazo ni newtoni 0.94 kwa milimita ya mraba. Zege la daraja la 25 lenye asilimia 0.5 ya nondo za juu linabeba 0.60. Haipiti bila ringi (nondo za kusimama zinazofunga za juu na za chini), na hapo bado hujatoboa kitu.

Sasa leta bomba lako la inchi 4. Watu wanaona tundu la milimita 110 wanasema limekula milimita 110. Sivyo. Tundu lolote lililo ndani ya 6d kutoka kwenye nguzo, ambayo hapa ni mita 1.14, linahesabiwa hivi: chora mistari miwili kutoka katikati ya nguzo, iguse kingo mbili za tundu, kisha futa kipande chote cha mzingo kilichoangukia kati ya mistari hiyo. Bomba likiwa sentimita 2 tu kutoka kwenye nguzo, kipande hicho ni karibu milimita 220, yaani mara mbili ya bomba lenyewe. Kadiri unavyolibana kwenye nguzo "penye nguvu", ndivyo linavyokula zaidi. Weka manne, moja kila upande wa nguzo, na nimeshaona mchoro wa namna hiyo: robo ya mzingo imekwenda, mkazo umefika 1.26. Hiyo imepita mara mbili ya 0.60, na BS haikuruhusu tena kujiokoa kwa ringi za kawaida bila ushahidi wa pekee.

Kuna msamaha. Tundu moja dogo, lisilofika robo ya upande wa nguzo wala nusu ya unene wa slabu, unaweza kulipuuza. Hapa ni chini ya milimita 75. Kwa hiyo paipu moja ya umeme, sawa. Shida ni kwamba mafundi umeme hawaji na paipu moja; wanazifunga pamoja kama mzigo wa kuni na kuzilaza juu ya nguzo, halafu mtu anakuja kuniambia "ni paipu tu hizi".

"Basi tuongeze saruji." Ongeza. Uwezo huo unakua kwa kipeo cha theluthi moja cha nguvu ya zege: ukiizidisha mara mbili unapata asilimia 26 tu, na BS inaacha kuhesabu ukifika daraja la 40. Nondo za juu nazo ni vivyo hivyo. Nondo za chini za katikati ya chumba hazisaidii kitu hapa. Kinachosaidia ni kunenepesha slabu kuzunguka nguzo, kukuza nguzo yenyewe, au ringi zilizofungwa sawasawa. Na slabu ikiwa chini ya milimita 200, ringi nyingi ni mapambo. Hazina pa kushikilia.

Halafu kuna toroli. Siku ya kumwaga zege toroli zinapita juu ya nondo za juu, viti vinavyozishikilia vimelala, nondo zimeshuka milimita 30, na hakuna anayezinyanyua kwa sababu zege limeshafika. d imekuwa 160. Mkazo umetoka 0.94 ukaenda 1.24 bila mtu kubadili mchoro.

Niseme na lile ambalo darasani hulisikii. BS inakagua umbali wa 1.5d kutoka kwenye nguzo, Eurocode (kanuni ya Ulaya) ya 2004 2d, Wamarekani nusu ya d. Ufa wenyewe haujui hata mmoja wa mistari hiyo. Imechaguliwa ili fomula ikubaliane na majaribio, na mengi ya majaribio hayo ni kipande cha slabu chenye kinguzo kimoja, tena chembamba kuliko slabu zetu. Mimi namwamini zaidi Muttoni, mtafiti wa zege anayeangalia upana wa ufa, lakini ripoti naandika kwa BS. Ile 1.15 nayo inafaa nafasi za nguzo zikikaribiana ukubwa. Nayo BS haisemi lolote la tetemeko, wakati sisi Julai 2007 tulitikiswa na lile la Gelai, kipimo 5.9. Jengo likiyumba, momenti kwenye kiungo cha nguzo na slabu inazidi hiyo 1.15, ndiyo maana nadai kuta za zege kwenye lifti na ngazi hata mwenye jengo akinuna.

Slabu ikitoboka penye nguzo moja, mzigo unahamia kwenye nguzo jirani ambayo nayo iko ukingoni. Wolverhampton, Uingereza, Machi 1997, sakafu ya juu ya maegesho ya Piper's Row ilianguka hivyo, nguzo moja ikifuatwa na nyingine; ilikuwa usiku, hakuumia mtu. Jengo la maduka la Sampoong, Seoul, Juni 1995, nguzo zilikuwa nyembamba kuliko zilizokusudiwa, na walikufa watu 502. Kwa hiyo kwenye michoro yangu utakuta nondo mbili za chini, kila upande, zikipita ndani ya nguzo, zisiishie usoni. Slabu ikitoboka, hizo ndizo zitakazoining'iniza. Fundi nondo akikuambia haziingii, nguzo imejaa, mwambie apange upya leo, zege halijaagizwa.