UTI ya Vyoo vya Shule na Imani Nyingine Zinazowachelewesha Vijana Kupata Tiba

Wiki haipiti bila kijana kuketi mbele yangu akiwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akanieleza kwa uhakika kwamba ana UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, aliyoipata kwenye vyoo vya bweni. Wa karibuni alikuwa msichana wa miaka 18 aliyekwisha kumeza dozi tatu za dawa tofauti ndani ya miezi minne, zote zikiwa zimenunuliwa duka la dawa, na kwenye karatasi yake mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu: chembe za usaha katika mkojo. Kwa mstari huo peke yake aliitwa mgonjwa wa UTI mara tatu, wala hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Chembe za usaha ni seli nyeupe za damu zinazokimbilia mahali palipovamiwa, na hazisemi zimemfuata mdudu gani. Bakteria wa utumbo, ambao ndio husababisha UTI nyingi, huziamsha, na bakteria wa klamidia na wa kisonono, ambayo ni magonjwa ya zinaa, huziamsha vilevile. Anayetaka kuithibitisha UTI huchukua mkojo wa katikati, baada ya ule wa kwanza kumwagwa, kisha mkojo huo huoteshwa maabara. Anayetafuta klamidia au kisonono kwa kipimo cha vinasaba huutaka ule wa mwanzo ambao mwenzake ameagiza umwagwe. Kikopo kimoja kilichojazwa vyovyote na kutazamwa kwa darubini kwa dakika mbili hakiwezi kuyajibu maswali yote mawili, hata kama majibu yamepigwa mhuri.

Choo nacho kimesingiziwa kupita kiasi. Bakteria wa kisonono na wa klamidia hufa upesi wakiwa nje ya mwili, na hawasubiri kwenye sinki la choo ili wamrukie anayechuchumaa. UTI yenyewe kwa kawaida hutokana na bakteria wa mgonjwa mwenyewe, wanaotoka eneo la haja kubwa na kuingia kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa msichana ni mfupi. Choo kichafu kinaweza kuwaharisha wanafunzi na ni fedheha kwa shule, lakini msichana anayebana mkojo kutwa nzima kwa kukiogopa hajikingi na kisonono, na huenda anawapa bakteria wa UTI nafasi ya kuzaliana.

Ninaelewa kwa nini jina hili linapendwa. UTI haina aibu: mama hulitamka mbele ya mashangazi, mwalimu huliandika kwenye karatasi ya ruhusa, na muuza dawa hulipokea bila kukunja uso. Hata sisi wahudumu tumelitumia kama pazia, kwa sababu kumuuliza kijana kuhusu mwenzi wake kunahitaji faragha na muda, na foleni nje ni ndefu. Nyuma ya pazia hilo, klamidia, ambayo kwa wasichana wengi haina dalili yoyote, hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yanayoweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Kisonono nacho hukutana na siprofloksasini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kwa ugonjwa huo mwaka 2016 kwa sababu ya usugu, lakini bado inaombwa dirishani kwa jina la mkato. Na mara nyingi kinachoitwa UTI sugu ni mwenzi ambaye hajatibiwa: msichana anapona, wanakutana tena, anaambukizwa upya. Ndiyo maana humwambia kila kijana, hadi wenzangu wananicheka, aje na karatasi zake zote na aje na mwenzake.

Mzazi asiruke upande wa pili akamshutumu binti kila anapolalamika kuwa mkojo unachoma, kwa kuwa msichana ambaye hajawahi kujamiiana anaweza kabisa kupata UTI. Ninachodai ni uchunguzi unaostahili jina hilo.

Imani nyingine hazihitaji maneno mengi. Kijana hunihakikishia kwamba mwenzi wake ni msafi kwa sababu ananawiri na anaoga mara mbili kwa siku, ilhali hata kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi na hupotea chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Majibu hasi ya VVU hayamsafishi mtu na maradhi mengine. Ni kipimo cha VVU tu, nacho kikifanywa mapema mno baada ya tukio hurudiwa baada ya miezi mitatu. Kwa Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, aliyefikisha miaka 15 anaweza kupimwa VVU bila ridhaa ya mzazi, jambo ambalo vijana wengi hawalijui. P2, kidonge cha dharura kinachomezwa baada ya kujamiiana, huzuia mimba na haizuii ambukizo lolote. Kujisafisha ndani kwa sabuni au ndimu huwaua bakteria walinzi wa uke na kuacha mlango wazi. Kondomu mbili kwa pamoja zinaweza kusuguana na kupasuka, na mafuta ya kupakaa huilegeza ile ya mpira. Moja, isiyopitwa na muda na isiyokaa miezi kwenye pochi, inatosha.

Wazazi nao wana imani yao, kwamba kuzungumza na watoto kuhusu mambo haya ni kuwafungua macho. Mapitio ya tafiti yaliyokusanywa na UNESCO hayakuona kwamba elimu hii inawaharakisha vijana kuanza ngono. Mama mmoja aliikataa chanjo ya HPV, virusi vya zinaa vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, kwa hofu hiyo hiyo, akaongeza kwamba ingemfanya bintiye kuwa tasa. Chanjo hiyo, iliyoanza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na ambayo sasa hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, haina uhusiano na utasa. Aliniuliza kwa nini basi isisubiri binti aolewe. Nilimjibu kwamba inazuia virusi kuingia, na haiwezi kuvitoa vikishaingia.