Maziwa na Maji ya Samaki Ndani ya Gari: Dhana Potofu na Ukweli

Anayetoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, akiwa na mfuko wa vibua na barafu kwenye buti, huenda asijue kwamba mfuko ulivuja hadi siku ya pili, samaki wakiwa wamekwisha kuliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa dumu la maziwa lililolegea kifuniko njiani. Kuanzia hapo mwenye gari hupokea ushauri kutoka kila upande, na sehemu kubwa ya ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, humpotezea fedha na kuiacha harufu pale pale.

Dhana inayozaa nyingine nyingi ni kwamba zulia likikauka, kazi imekwisha. Zulia la gari si mkeka uliotandikwa juu ya sakafu. Chini yake kuna tabaka nene la sponji au la nyuzi zilizoshindiliwa, lililowekwa ili kupunguza kelele na joto, na chini ya tabaka hilo ndipo lilipo bati. Maziwa hupenya zulia kwa dakika chache, husambaa ndani ya sponji, kisha hutuama kwenye mabonde ya bati, ambako upepo haufiki. Juu panaweza kukauka kwa nusu siku ya jua, huku chini pakibaki na unyevu kwa wiki kadhaa. Humo bakteria huendelea na kazi yao: hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na mafuta ya maziwa yakivunjika hutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo yenye ile harufu inayofanana na matapishi. Gari likifungwa juani saa saba mchana, joto huirusha asidi hiyo hewani, na mwenye gari hudhani kwamba harufu imerudi, ilhali haikuwahi kuondoka.

Gari la shemeji yangu lilioshwa mara tatu kwa sababu ya maziwa, kila mara zulia likisuguliwa kwa juu hadi likang'aa. Harufu iliisha siku tulipofungua kiti cha nyuma, tukainua zulia na kuikuta sponji imelowa eneo la ukubwa wa sinia, tena kando kabisa ya mahali dumu lilipoangukia, kwa kuwa kimiminika hufuata mteremko wa bati. Tuliitoa sponji, tukaifua na kuikamua mara kadhaa, tukalipangusa bati, na hatukurudisha kitu hadi kila kilichotolewa kilipokauka kabisa. Ikiwa kinachopaswa kufunguliwa ni viti vya mbele, ni vyema kazi hiyo ifanywe na fundi, kwa sababu katika magari mengi nyaya zilizo chini ya viti hivyo, hasa zenye viunganishi vya rangi ya njano, ni za mifuko ya hewa ya usalama, na hazichomolewi kabla ya betri kutolewa waya na kuachwa kwa dakika kadhaa.

Kuhusu manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hakuna mengi ya kusema: hayaondoi chochote, bali huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mkaa wa kupikia uliowekwa kwenye sahani hupunguza kidogo harufu iliyokwisha kuingia hewani, lakini hauwezi kuvuta kimiminika kilichojificha ndani ya sponji.

Dhana inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile ya kuchanganya siki na bikaboneti ya soda, kwa imani kwamba povu linalochemka ndilo linalosafisha. Siki ni asidi na bikaboneti ni alkali. Vikikutana hubatilishana, na kinachobaki ni maji, gesi ya kaboni dayoksaidi na chumvi isiyo na nguvu ya maana dhidi ya harufu. Kila kimoja kina adui wake. Uvundo wa samaki wa baharini hutokana zaidi na trimethilamini, ambayo ni alkali, na asidi huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Ndiyo maana tangu zamani mpishi wa Pwani humkamulia samaki ndimu kabla ya kumpika. Basi maji ya samaki hutibiwa kwa siki iliyochanganywa na maji. Maziwa yaliyochacha, kwa upande wake, yana asidi, na hayo ndiyo yanayofaa bikaboneti. Hapa ninamaanisha ile ya kuokea, wala si magadi ya kuivishia maharage, ambayo ni makali zaidi na huweza kuharibu rangi ya kitambaa. Vyote viwili hufanya kazi vizuri baada ya uchafu wenyewe kuondolewa, si badala ya kuuondoa.

Wapo pia wanaoamini kwamba maji yakiwa ya moto sana harufu itakufa. Damu na majimaji ya samaki yana protini, na protini ikipata joto kali huganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, ikashikamana na nyuzi za kitambaa. Anza kwa maji ya baridi, yanyonye kwa mashine ya kunyonya maji au kwa taulo kavu unayoikandamiza kwa uzito wa mwili, kisha tumia sabuni yenye vimeng'enya vya kuvunja protini na mafuta. Vimeng'enya huhitaji unyevu na muda. Anayeipaka sabuni hiyo na kuifuta baada ya dakika mbili hajaipa nafasi ya kufanya kazi. Sabuni iwe kidogo na isuuzwe vizuri, kwani mabaki yake hunasa vumbi.

Dawa ya kupaushia yenye klorini haifai kabisa ndani ya gari. Hupausha kitambaa na hudhoofisha mikanda ya usalama. Ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na mkojo wa mtoto hutoa mvuke mwingine unaochoma mapafu; katika nafasi ndogo kama gari, hatari hiyo ni kubwa. Kupangusa doa kwa petroli ni kosa la aina hiyo hiyo. Nayo petroli yenyewe ikimwagika ndani, fungua milango yote mahali pa wazi na usiwashe mashine yoyote ya umeme karibu nayo, kwa kuwa cheche moja inatosha kuulipua mvuke wake.

Harufu ikidumu hata baada ya sakafu kuwa safi na kavu, angalia filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Filta hiyo hunywa harufu kama kitambaa, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kuosha gari mara ya nne.

Wala usiitegemee pua yako kutoa hukumu, kwa sababu pua huzoea harufu inayokutana nayo kila siku. Lifunge gari juani kutwa nzima, kisha mwombe mtu ambaye hajalipanda kwa muda mrefu afungue mlango na kuvuta pumzi ya kwanza.